Ndoo Bila Jani

Mtu akichota maji kwa ndoo isiyo na kifuniko, kabla ya kujitwika huchuma jani akalilaza juu ya maji. La mgomba ndilo bora, kwa kuwa ni pana na halizami. Maji yakitaka kucheza, jani huyatuliza, na mbebaji hufika nyumbani nguo zikiwa kavu. Watoto wote wa Gisenyi wa rika langu walijua hivyo bila kufundishwa. Mimi nilifundishwa kinyume chake.

Ilikuwa 1976, nina miaka 17. Bomba la mtaa lilikuwa chini kando ya barabara, na nyumba yetu ilikuwa juu, miguuni pa mlima Rubavu. Katikati palikuwa na ukuta mfupi wa mawe meusi ya volkano, na juu ya ukuta huo vijana wa kiume walikaa kila jioni kama mahakimu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alilinyanyua jani langu kwa vidole viwili, akalitupa mferejini, akasema, "Haya, sasa panda."

Nilifika juu nimelowa hadi magotini. Vijana wa ukutani walikuwa wamepiga hesabu. "Nusu ndoo!" Mmoja wao, mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, alipiga mluzi mrefu wa kushuka, kama kitu kinachotumbukia kisimani. Nililia jikoni. Shangazi alinipa kanga kavu, akanirudisha bombani.

Siri, kama ilivyonijia baada ya wiki nyingi za kulowa, haiko shingoni. Shingo ukiikaza, maji yanamwagika zaidi. Ngata unaikunja kwa kitambaa chepesi au majani ya mgomba makavu (Wanyarwanda husema ingata, neno ni lile lile), unaikalisha mbele kidogo ya utosi, halafu unaisahau. Kazi yote inafanywa na kiuno. Kiuno kinapokea kila jiwe la njiani na kulimaliza hukohuko chini, habari zisifike juu. Magoti yanakunjika kidogo, nyayo zinashika ardhi kabla hazijaamini. Macho yanatazama mbali, hatua kumi mbele, maana ukitazama miguu yako umekwisha. Ukiweza hayo, mabega yanashuka yenyewe, kifua kinafunguka, na kuna kitu kinaingia katika mwendo ambacho ukutani walikiona kabla yangu mimi. Siku moja mwezi wa Agosti nilipita pale, nikasubiri "robo ndoo" yao, nikasikia kimya. Yule wa mluzi alipiga mluzi wa kupanda.

Shangazi hakuwa mzuri wa sura, na mwenyewe alilisema hilo bila uchungu: "Sura alipewa mama yako. Mimi nilipewa njia." Alikuwa bonge la mwanamke, umri wake kama hamsini hivi, na kila asubuhi alivuka mpaka pale Barieri Ndogo kwenda Goma, upande wa Zaire, na beseni la parachichi kichwani, akarudi mchana na vitenge na sabuni. Askari wa pande zote mbili walimjua. Nimeona kwa macho yangu mtu akishuka baiskeli ili amtazame akipita. Hakuwa na kioo nyumbani kwake, ila kipande kidogo alichokitumia kutoa miba vidoleni. Visigino vyake alivisugua kwa jiwe la amakoro, lava ya Nyiragongo yenye matundu kama mkate, ambayo upande wetu haiuzwi kwa sababu imezagaa kila mahali. Ngozi aliipaka siagi ya ng'ombe kwa mtindo wa mabibi zake. Sisi wasichana tuliona siagi hiyo inanuka ushamba, tukamficha hayo kwa adabu.

Tulikaa katika mtaa ambao watu wa mjini waliuita kwa Waswahili. Rwanda hadi leo Mwislamu huitwa Mswahili, hata kama hajui neno moja la Kiswahili, lakini sisi tulikizungumza kweli, chetu cha mpakani, kilichotiwa Kifaransa na Kinyarwanda na maneno ya Goma. Nasema hivi ili nieleze kwa nini tuliogelea gizani.

Ufuo wa Gisenyi ni mzuri, na uzuri wake ulijulikana na wengi kabla yetu. Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, Wabelgiji wakafuata na nyumba za likizo, barabara yenye miti na bustani. Mchana mchanga ule ulikuwa wa watu wengine: watalii, watoto wa wakubwa, wazungu wa kiwanda cha bia cha Rubona. Mwanamke wa mtaa wetu angevua nini mbele ya watu hao? Kwa hiyo shangazi na wenzake walikwenda baada ya sala ya alfajiri, giza likiwa bado halijapauka. Walikuwa sita. Nilipojiunga tukawa saba.

Tuliingia majini na vitenge vikuukuu vilivyofungwa nyuma ya shingo. Kitenge kikiingia maji hukamata hewa na kuvimba, ukajikuta umesimama ndani ya hema lako mwenyewe, huku miguu chini inachezea baridi. Kila mmoja alikuwa na dumu tupu lililozibwa barabara na kufungwa kamba; unalikumbatia kifuani na kupiga miguu. Kivu haina mamba wala kiboko, ndiyo maana mama zetu walituruhusu. Lakini inashuka ghafla. Hatua nane kutoka mchangani maji yalikuwa kifuani, ya tisa hukupata chini. Kule katikati kina kinakaribia mita 480, na chini kabisa kumefungwa gesi, ile ambayo kiwanda cha bia kilianza kuitumia kupasha mitambo yake tangu 1963. Shangazi alikuwa na nadharia yake juu ya gesi hiyo. Alisema ndiyo inayonyanyua wanawake wanene, na kwamba wembamba Mungu hakuwajengea ziwa, wao wakaoge kwa kopo. Gesi iko chini mno kuweza kumnyanyua mtu, hilo nimelisoma baadaye. Ila ni kweli kwamba katika wote saba yeye ndiye aliyeelea vizuri zaidi, chali, mikono imetandazwa, akizungumza habari za bei ya sukari.

Wavuvi wakirudi tuliwasikia kabla ya kuwaona. Wanapiga makasia kwa wimbo, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kila itikio ni kasia moja. Tulipiga miguu kwa mdundo wao. Wakiongeza kasi, tunaongeza. Wakisita kuvuta pumzi, tunasita. Sikujua kwamba yale yalikuwa mazoezi. Nilijua tu kwamba nikitoka majini miguu inatetemeka kwa furaha, ninakula viazi vitamu kama mchimba mitaro, na mchana kutwa ngozi inawaka kwa ndani. Hakuna aliyeniambia nimependeza asubuhi hizo, kwa kuwa palikuwa na giza. Nilikuwa nimependeza, nilijua.

Jumamosi kulikuwa na rumba. Redio ya Zaire ilisikika kwetu vizuri kuliko redio yetu wenyewe, na ikipigwa bendi ya Zaiko Langa Langa kazi za nyumbani zilikwenda mbio. Nilipiga deki sebule yote kwa mdundo wa cavacha, kiuno kikifuata ngoma ndogo na kitambaa kikifuata kiuno. Shangazi yeye alikuwa mtu wa ikinimba, ngoma ya kwetu kaskazini, ya kukanyaga ardhi hadi vumbi liombe msamaha. Aliiona rumba ni ya wavivu. Tukabishana, kisha tukabadilishana: nikamfundisha cavacha, akanifundisha kukanyaga, na mwisho wa yote nilikuwa mimi nimeketi chini nikihema, yeye amesimama.

Vijana wa ukutani nao walikuwa na michezo yao ya kujionyesha. Walisimika vijiti viwili mchangani, wakalaza utete juu yake, wakaruka: gusimbuka urukiramende, kama walivyofanya vijana wa ikulu ya Nyanza mbele ya Mjerumani mmoja wa ukoo wa kifalme, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwaka 1907, na picha zake zikazunguka Ulaya. Wale wa ikulu walivuka vichwa vya watu. Wa kwetu walivuka kifua changu, nilipokubali kusimama kando kuwa kipimo, na yule wa mluzi alipojaribu kuvuka utosi wangu alitua kwa kiwiko. Alitembea na mkono umefungwa mwezi mzima, na mwezi mzima alipiga mluzi vilevile.

Nguo ni habari ndefu, nitaikata. Nilikuwa na suruali moja ya bugaluu, ya mtumba. Siku hizi tunaita caguwa, neno tulilolipata kutoka "chagua" ya Kiswahili, kwa jinsi wachuuzi walivyokuwa wakiita wateja. Zaire ya Mobutu ilikuwa imepiga marufuku suruali kwa wanawake na tai kwa wanaume. Kwa hiyo nilipokwenda Goma na shangazi nilikunja suruali hadi magotini, nikafunga kitenge juu yake, nikavuka barieri nikitembea kama bibi harusi, kumbe ninaogopa mkunjo mmoja usifunguke. Ulifunguka. Askari alitazama kifundo cha mguu wangu, akamtazama shangazi, shangazi akampa parachichi mbili, na askari akatazama ziwa.

Sasa nifike mwaka 1980, ambao sijauandika popote.

Nilikuwa na miaka 21, na rafiki yangu mmoja alikuwa amerudi kutoka safari akiwa mweupe. Si weupe wa kuzaliwa. Uso wake ulikuwa kama chai iliyozidi maziwa, na kila kijana aliyepita alimsalimia yeye kwanza. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kibanda cha vipodozi alinichanganyia wangu: mafuta ya tyubu tatu na maji ya chupa isiyo na jina, akakoroga kwa mpini wa kijiko ndani ya kopo la jemu. Mukorogo. Akanipa na sharti moja. "Jua ni adui yako. Likikupata, yote yanarudi."

Nililishika sharti kuliko nilivyoshika sala. Nilinunua mwavuli. Nilivaa mikono mirefu. Ziwani niliacha kwenda, kwa sababu tukitoka majini jua lilikuwa linachomoza upande wa milima, na mwavuli hauendi majini. Bombani niliacha pia; nilimlipa mtoto wa jirani faranga chache anibebee ndoo, naye akabeba na jani. Rumba nilicheza kidogo, kwa kuwa jasho lilichoma. Nisiseme uongo: miezi minne ya kwanza nilipendeza, na nilisalimiwa kwanza. Lakini nilisalimiwa nikiwa nimekaa. Siku yangu ilikuwa kuhama kutoka kivuli hiki kwenda kile. Nilinenepa kwa namna ambayo shangazi hakuwahi kunenepa, unene wa kulala, na miguu ikawa inauma kupanda kilima ambacho nilikuwa nikikipanda na lita ishirini kichwani.

Mwezi wa tano vifundo vya vidole vilinisaliti. Vifundo havikubali mukorogo. Mikono ilibaki na vituo vyeusi kama mawe ya bao, kila mtu akajua. Kisha mashavu yakaota wekundu, na wekundu ukageuka mabaka. Leo nafahamu kwamba haidrokwinoni na zebaki huizuia ngozi isitengeneze ile rangi inayoikinga na jua, kwa hiyo adui aliyetajwa pale kibandani alikuwa ni jua lile lile nililozaliwa chini yake nikiwa na kinga tele. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Rwanda ilipoanza misako ya mukorogo madukani, wajukuu walishangaa kuniona natoka nje kutazama katoni zikipakiwa. Sikuwaeleza.

Shangazi hakunisema. Jumapili moja alikuja na kofia mbili za majani, moja pana kama ungo, akasema twende amashyuza, kwenye chemchemi za maji moto. Ziko Nyamyumba, karibu na kiwanda cha bia, na kutoka mjini ni kilomita saba hivi kwa njia ya ziwani, kona baada ya kona, migomba upande mmoja na maji upande mwingine. Nilisimama mara nne kupumua. Yeye alinisubiri mara nne, akijifanya anazungumza na wauza samaki.

Pale maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto sana. Watoto walikuwa wamezamisha viazi ndani ya kitambaa. Wazee walikaa kwenye mawe, miguu imetumbukizwa pale ambapo maji ya moto yanakutana na ya ziwa, na wanawake wa pale walikuwa wanakanda migongo kwa majani yaliyochovywa. Shangazi aliniosha uso kwa maji baridi, upande wa ziwa, taratibu, kama anaosha sahani ya udongo iliyotengenezwa juzi. Chumvi ya jasho ilikuwa imeniwasha njia nzima. Hakuuliza kitu kuhusu mabaka. Alinikanda vigimbi vya miguu, akavibonyeza kama anayechagua nyama sokoni, akaguna.

"Dumu lako nimempa mtoto wa jirani achezee," akasema. "Unalitaka?"

Nikasema, "Nalitaka, Shangazi."

Tulirudi kwa miguu vilevile. Nusu mwezi baadaye nilikuwa majini. Ngozi ilichukua zaidi ya mwaka kutulia, na juu ya mfupa wa shavu la kushoto kuna kivuli ambacho hakijatoka mpaka leo.

Yaliyofuata nayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo. Shangazi alifariki 1989, kitandani kwake. Katika wale saba wa alfajiri, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 na yote yaliyofuata, tulibaki wawili. Mwaka 1997 na 1998, vita vya abacengezi, wapiganaji wa kujipenyeza, vilipokuwa kwetu kaskazini-magharibi, hakuna aliyethubutu kutoka kabla ya jua. Na tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipofunguka na lava ikaingia Goma, watu walimiminika kwetu kwa miguu, na magodoro, na mbuzi, na wazee migongoni, mchana na usiku kucha. Nilipeleka maji barabarani, ndoo baada ya ndoo, miaka yangu 43. Siku hiyo niliweka jani.

Mwenzangu na mimi tulirudi majini mwaka uliofuata. Sasa tunakwenda mchana. Hatuna tena tunayemwogopa pale ufuoni, na wote wanaotutazama wangeweza kuwa wajukuu zetu.

Rubavu ya leo, maana jina la wilaya ndilo hilo tangu 2006, ina neno lake: siporo. Kuna siporo ya pamoja barabarani, watumishi wanaotoka ofisini Ijumaa wakiwa wamevaa raba, vijana wanaokimbia kando ya ziwa na waya masikioni. Tarehe 14 Agosti 2022 walikuja wanamichezo wa Ironman 70.3: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, halafu kukimbia nusu marathoni, vyote siku moja. Nilisimama barabarani na mwenzangu. Mwanamke mmoja alitoka majini akiwa amebanwa na nguo nyeusi ya mpira, akavua miwani, akacheka peke yake, bila kumcheka yeyote, na nikakitambua kicheko hicho. Mwenzangu akaniuliza, "Sasa huyo dumu lake liko wapi?"

Mjukuu wangu anahesabu hatua kwa simu. Akifika elfu kumi simu inamshangilia. Ni msichana mzuri, mrefu, na anatembea kama mtu anayeomba radhi. Mwezi uliopita maji ya nyumbani yalikatika siku mbili, bomba la chini likabaki linatoka, nikamtuma. Akarudi amelowa kiunoni. Nikaenda naye. Nikamkunjia ngata, nikamwonyesha macho yaelekee wapi, kiuno kifanye nini. Akasema, "Bibi, onyesha wewe kwanza."

Nina miaka 66 na goti moja linalozungumza. Niliijaza ndoo, si hadi juu, nikajitwika, nikapanda. Goti lilinung'unika, kiuno kikalipokea. Ukuta wa mawe meusi bado upo, umepungua mawe mawili matatu. Juu yake alikuwa ameketi mzee na bakora yake, jirani yangu wa miaka mingi, mkono mmoja haunyooki vizuri kiwikoni. Nikampita bila kumtazama, kama ilivyokuwa sheria.

Nyuma yangu nikasikia mluzi. Meno yale ya mbele hayapo tena, kwa hiyo ulitoka upepo mwingi na sauti kidogo. Lakini ulikuwa wa kupanda.

Nikacheka, na maji yote yakanimwagikia mgongoni.